Nilivyoitafuta Nyota ya Kaskazini ufukweni Pangani

Ninafundisha shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Mwaka juzi nilikuwa mbele ya darasa la sita, nimeshika tufe la plastiki ambalo mhimili wake ulishavunjika, nikieleza kwamba dunia hujizungusha mara moja kila siku. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama tunazunguka, mbona hatuoni?" Nikamjibu kwa habari za jua, mchana na usiku, kama kitabu kinavyotaka. Akaketi, ila nilimwona usoni kwamba hajaridhika, amenyamaza tu kwa heshima.

Wiki hiyo hiyo nikakutana na picha ya michirizi ya nyota kwenye simu: mamia ya maduara, moja ndani ya jingine, yameizunguka nyota moja iliyotulia katikati ya anga. Kamera ilikuwa imesimamishwa mahali pamoja na kuachwa hivyo kwa saa nyingi. Nyota hazikwenda popote. Aliyezunguka ni mwenye kamera, pamoja na ardhi aliyoikanyaga. Nikajua hiyo ndiyo picha ya kubandika ukutani darasani, na niliitaka iwe ya anga letu sisi. Kuipata kulinichukua mwaka mmoja na miezi miwili, na zaidi kidogo ya shilingi milioni moja na laki moja. Sehemu kubwa ya muda na fedha hizo imekwenda kwenye makosa ambayo ningeyaepuka kama angetokea mtu wa kunikalisha kitako na kunieleza. Ndiyo maana ninaandika.

Kosa la kwanza halikuhusu kamera. Niliomba mkopo wa 400,000 kwenye kikoba chetu nikisema ni wa mbegu na mbolea, na nyumbani nikasema hivyo hivyo. Nikaongezea akiba yangu, nikanunua Tanga mjini kamera ya mtumba kwa 520,000, ikiwa na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, na stendi ya miguu mitatu ya 45,000. Mwezi haujaisha, mke wangu akaikuta kabatini. Hakugomba. Aliuliza tu mbegu ziko wapi. Bado naona aibu nikikumbuka. Anayetaka kuanza shughuli hii aseme ukweli nyumbani kwanza, kwa sababu itamtoa nje usiku mara nyingi, na wanaobaki nyuma wana haki ya kujua yuko wapi na anafanya nini.

Usiku wa kwanza nilisimama nyuma ya shule. Nilikuwa nimesoma kwamba zamani, enzi za filamu, mpiga picha aliacha shata (kifuniko cha ndani ya kamera kinachopitisha mwanga) wazi kwa saa nzima, nami nikafanya hivyo: dakika 40, fremu moja. Ilitoka nyeupe kama uji. Taa za mji, hata mji mdogo kama Muheza, hulijaza anga mwanga ambao jicho haliutambui lakini kamera inaukusanya dakika baada ya dakika. Njia inayofaa kamera za kidijitali ni kupiga fremu fupi nyingi, kila moja sekunde 30, zikifuatana bila kupumzika, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta. Programu hupitia fremu zote na kwa kila nukta ya picha inabakiza ile yenye mwanga mkali zaidi. Nyota iliyosogea kidogo kutoka fremu hadi fremu inakuwa mchirizi, na anga lenyewe linabaki jeusi. Mimi hutumia StarStaX, ambayo ni ya bure.

Hapo nikaelewa pia habari ya mwezi. Mwezi mpevu hufuta nyota zote ndogo. Sikuhitaji programu yoyote kwa hili: kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani ilinitosha. Kuanzia usiku wa 26 hadi mwezi unapoandama na siku mbili tatu baadaye, sehemu kubwa ya usiku ni giza. Hizo ndizo siku zako.

Nikaenda Pangani, kwa sababu kuna ufuko mpana na giza la kutosha. Kabla ya jua kuchwa nilijitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, jambo ambalo nilijifunza baada ya mgambo kunihoji nusu saa kule nyuma ya shule yangu mwenyewe. Mtu aliyesimama gizani na kamera huleta wasiwasi, na wasiwasi huo ni halali. Kwenda kujitambulisha ni dakika tano.

Mafunzo yote niliyokuwa nimeyasoma yalianza na sentensi ile ile: itafute Nyota ya Kaskazini, elekeza kamera hapo, maduara yatajipanga kuizunguka. Basi nikaelekea kaskazini na kuanza kutafuta. Nilitafuta kwa saa moja na nusu. Nikadhani mawingu yameiziba, nikahamisha stendi mara tatu, nikazima tochi macho yazoee giza. Kulikuwa na mzee amekaa kwenye ngalawa iliyopandishwa mchangani, akinitazama muda wote huo. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepoteza nini?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo kwa upole, akaniomba nikae.

"Hiyo inaitwa Jaa. Huku haipo. Tulipokuwa tukienda Arabuni kwa jahazi tulikuwa tunaanza kuiona tukishaipita Mogadishu, iko chini kabisa, kama imekaa juu ya maji. Kadiri tunavyokwenda, nayo inapanda."

Nilihisi joto usoni, kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha latitudo. Alichosema yule mzee ndicho kanuni yenyewe: urefu wa nyota hiyo juu ya upeo wa macho unalingana na latitudo ya mtu anayeitazama. London, kwenye nyuzi 51 na nusu, iko juu sana. Kwenye ikweta inagusa upeo wa macho. Pangani iko nyuzi tano na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo Jaa imezama chini ya upeo kwa kiasi hicho hicho, wala haitatokea kamwe. Mafunzo yale yaliandikwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini. Nilikuwa nimeyabeba mzima mzima hadi mahali ambapo anga lina tabia nyingine.

Nikageuza kamera mashariki, baharini, ili nisirudi mikono mitupu. Nilipounganisha fremu nyumbani nilidhani nimeharibu tena: hakukuwa na duara hata moja. Nyota za katikati zilikuwa zimepanda kutoka baharini karibu wima, kama nyuzi za mfumaji, zimeinama kidogo tu kuelekea kushoto. Za upande wa kushoto zilijipinda kushoto, za kulia zikajipinda kulia. Nilikaa na picha ile siku mbili kabla ya kuielewa. Karibu na ikweta ncha mbili za anga, yaani vitovu ambavyo nyota huonekana kuvizunguka, ziko kwenye upeo wa macho, moja kaskazini na moja kusini, na ukitazama mashariki umesimama katikati yake. Mtu wa Ulaya akielekea mashariki hawezi kuziona nyota zikipanda wima hivyo hata akikaa maisha yake yote, mpaka asafiri. Ninasema hivi kwa msisitizo kwa sababu huenda na wewe utaifuta picha ya namna hiyo ukidhani umekosea. Usiifute.

Hata hivyo picha ile ilikuwa na maradhi matatu, na kila moja lina dawa.

Michirizi ilikuwa imekatika vipande vipande, kama mishono ya cherehani. Kamera yangu, kama nyingi, ina mpangilio wa kupunguza chenga (vidoa ambavyo kamera yenyewe huviweka) kwenye picha za muda mrefu: ikimaliza fremu ya sekunde 30 inapiga nyingine ya sekunde 30 gizani, kwa siri, ili ilinganishe na kuondoa chenga. Nusu ya usiku wangu ilikuwa imepotea humo. Mpangilio huo uzime kabla ya kuanza. Chenga utaziondoa kwa njia nyingine: mwisho wa kazi, funika lenzi kwa kifuniko chake na upige fremu kumi za giza kwa mipangilio ile ile, kisha uipe programu izitumie.

Upande wa chini wa picha ulikuwa na madoa makali ya manjano. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Wavuvi hao hutoka na taa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi huzinyima taa zao nguvu ya kuvuta samaki, na mimi nilikuwa nimechagua usiku ule ule kwa sababu hiyo hiyo ya giza. Bahari ni yao, wako kazini. Ukitaka upeo mtupu wa bahari usiku wa giza la mwezi, wasiliana kwanza na watu wa hapo ujue wanavua upande gani.

La tatu ni umande. Baada ya saa moja ufukweni kioo cha lenzi kilikuwa kimefunikwa na ukungu, na fremu zilizofuata zote zilikuwa hazina maana. Kuna mikanda midogo ya kupasha lenzi inayotumia umeme wa pawabanki, ila mimi sikuipata. Nilichofanya safari iliyofuata: mchele mkavu uliopashwa moto sufuriani, ukatiwa ndani ya soksi, soksi ikafungwa kuzunguka lenzi. Joto lake linadumu karibu saa moja, kisha unabadilisha na soksi ya pili. Wakati wa kubadilisha, mikono iwe myepesi sana. Ukiitikisa kamera kwa unywele mmoja, michirizi yote itavunjika pale.

Safari ya pili na ya tatu za Pangani nazipita haraka, maana ni kosa moja tu lililonitafuna. Nilinunua rimoti yenye kipima muda kwa 30,000, nikaipanga ianze fremu mpya kila baada ya sekunde 31, nikidhani fremu ya sekunde 30 itakuwa imeshaisha. Michirizi ikatoka tena na mapengo. Nikairudisha dukani nikidhani ni mbovu, nikarudi Pangani, mapengo yakawa yale yale. Kumbe kwenye kamera nyingi, fremu inayoandikwa sekunde 30 hudumu sekunde 32. Amri ya rimoti ilikuwa ikifika kamera bado ina kazi, inaipuuza, inasubiri nyingine. Sasa situmii kipima muda kabisa. Naweka kamera kwenye upigaji wa mfululizo, sekunde 30, kisha nabana kitufe cha rimoti ya waya na kukifunga kwa lachi yake. Kamera inajipigia yenyewe mpaka betri iishe.

Nilirudi nyumbani kutoka safari ile ya tatu nikiwa tayari kuiuza kamera. Marejesho ya kikoba yalikuwa yamebaki miezi miwili. Mke wangu ndiye aliyekataa. Alisema mbegu zilishaliwa, basi angalau mavuno yaonekane.

Niliamua kutafuta ncha ya kusini. Huku kwetu hakuna nyota angavu inayoikaa ncha hiyo, na haiko juu: ukiwa kaskazini mwa Tanzania ipo nyuzi mbili au tatu tu juu ya upeo wa macho. Maduara kamili hayapatikani. Utapata nusu duara, upinde juu ya upinde. Nikawaza: kama kitovu cha pinde hizo kiko chini hivyo, mbele yake pawepo kitu kinachostahili. Nikaifungua ramani, nikauona Ol Doinyo Lengai. Kijiji cha Engaresero, karibu na Ziwa Natron, kiko kaskazini mwa mlima. Ukiwa kijijini unautazama upande wa kusini, umeelekea mashariki kidogo. Kilele chake kina mita 2,962 juu ya usawa wa bahari na bonde liko chini sana, kwa hiyo mlima unasimama juu kuliko ncha ya anga. Ncha yenyewe inafichwa nyuma ya mlima.

Nilikwenda likizo ya mwezi wa sita. Basi hadi Arusha, nikalala, kisha gari la kwenda upande wa Loliondo linalopita huko, vumbi mwanzo mwisho. Nauli, malazi, chakula, ada za kuingia eneo lile na ujira wa kijana wa kunisindikiza vilifika 340,000. Ulizia ada hizo kabla ya kuondoka nyumbani, mimi zilinikuta njiani na zikaniacha na fedha ya kubana. Msindikizaji usimwache kwa kubana matumizi. Huko kuna fisi, kuna makorongo, na kwa Wamaasai mlima ule ni wa Mungu, ndivyo jina lake lisemavyo. Yule kijana alinipeleka kwanza kwa mzee mmoja kuomba ruhusa ya kukaa bondeni usiku. Mzee aliuliza picha ni ya nini. Nilipomwambia ni ya watoto wa shule, alitikisa kichwa kukubali na kuniambia nisiwashe moto.

Kujua kusini halisi ni wapi kulinipa raha kuliko jambo lolote katika safari nzima. Dira ya simu ilikuwa inayumba, kwa hiyo nikafanya ninachowafundisha wanafunzi: nikachomeka fimbo wima na kufuata kivuli. Kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote kinalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Angalia, si saa sita kamili. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya 45, na Natron iko karibu na 36, hivyo jua linafika juu kabisa yapata saa sita na dakika 37. Mwezi wa sita jua liko kaskazini, basi kivuli kikaelekea kusini. Nikaona mlima hauko kwenye mstari wa kivuli, uko kushoto. Tukatembea karibu saa nzima kuelekea mashariki mpaka kilele kikawa kusini ile ile iliyoonyeshwa na kivuli.

Stendi yangu ni nyepesi na upepo wa bonde lile jioni ni mkali. Nilijaza mawe kwenye mfuko na kuuning'iniza katikati ya stendi, miguu yake nikairefusha kidogo tu. Kungali na mwanga nilipiga fremu chache za mlima, ili baadaye zinipe umbo lake na rangi yake, kisha sikuigusa stendi tena. Kulenga, yaani kuzifanya nyota zionekane bila ukungu, nilifanya kwa mkono: nikaiweka nyota angavu kwenye kioo cha nyuma, nikaikuza mara kumi, nikazungusha pete mpaka ikawa nukta ndogo kabisa, halafu nikaibana pete kwa gundi ya karatasi. Uondoaji wa mtikisiko kwenye lenzi nikauzima. Wepesi wa kamera kuhisi mwanga niliuweka ISO 1600, tundu la lenzi f/3.5, rangi nikaifunga nisiiachie kamera ichague. Betri mpya, kwa kuwa kibati cha stendi yangu kinaziba mlango wa betri na siwezi kuibadilisha katikati. Kagua hilo dukani kabla hujanunua stendi.

Saa mbili usiku nikafunga kitufe. Msalaba wa Kusini ulikuwa umesimama juu ya mlima. Tukakaa chini, yule kijana amejifunika shuka, mimi nimejikunja ndani ya koti, tukisikiliza shata ikifunga na kufunguka. Hakuna kingine cha kufanya. Nilizoea kuhangaika, na kukaa tu kulikuwa kugumu kuliko makosa yote. Kuna wakati gari lilipita mbali na taa zake zikaufagia uwanda. Moyo ulinipasuka. Baadaye nilijua fremu kama hiyo haitupwi, maana ukiitupa unapata pengo: unaifungua kwenye kompyuta, unaipaka rangi nyeusi sehemu ya ardhi tu, anga unaliacha. Hali kadhalika mistari ya ndege na setilaiti, ambayo siku hizi ni mingi hasa mapema jioni na alfajiri.

Taratibu Msalaba ukalalia kulia. Betri ikakata kwenye fremu ya 284, saa mbili na dakika 36 tangu nianze. Mikono ilikuwa ikinitetemeka nilipoufunika mwisho wa lenzi. Fremu za giza nikakumbuka sikuwa nimepiga, na betri imekwisha. Nikarudi kijijini, nikachaji, nikazipiga saa nane usiku nje ya chumba.

Picha niliichapisha Tanga kwa 35,000, kubwa kama ubao wa matangazo wa ofisi ya mwalimu mkuu. Mlima mweusi chini, na pinde za nyota zimetoka nyuma yake bega hadi bega. Darasa la sita lilikuwa limeshakuwa la saba. Nikawaambia nyota zote husafiri nyuzi 15 kwa saa, kwa kuwa dunia humaliza nyuzi 360 kwa siku, nikawapa vipimapembe wapime kila upinde una nyuzi ngapi, na kuwaacha. Kutafuta kitovu kulikuwa kazi, kwani kimejificha ndani ya mlima, ila walichora mistari kwa penseli mpaka wakakipata. Vikundi vilitoka na majibu kati ya nyuzi 37 na 42.

Yule binti wa dawati la nyuma alipata 39. Akagawanya pembeni ya daftari, akasimama, hakuniuliza kitu safari hii. Alisema, "Mwalimu, hapa ulikaa saa mbili na nusu na kitu."